Boneti ya faiba na bampa mpya kwenye Altezza: pima gari kabla hujalaumu kipande

Mwenye uzi, Arusha

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome jioni akitulia. Nimeamua kuuandika kwa sababu kila wiki nakutana na gari hapa mjini lenye boneti ya faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya resini) iliyokaa upande, na mwenye gari ananiambia maneno yaleyale niliyoyasema mimi miezi minane mfululizo: "Hizi boneti za kuagiza hazikai." Zinakaa. Yangu imekaa. Ila kabla haijakaa nilikuwa nimeshaikata pembeni kwa grainda, nimeshaipiga rangi mara mbili, na nimeshakosana na fundi ambaye kwa kweli hakuwa na kosa lote.

Gari ni Altezza GXE10, ya injini ya 1G-FE, silinda sita, lita mbili. Toyota walianza kuliuza Japani mwaka 1998 na kulisimamisha 2005, na nje ya Japani bodi hiyohiyo ilijulikana kama Lexus IS200. Hilo mlikumbuke mkitafuta vipande, maana mtu anaweza kuhangaika kutafuta fenda ya Altezza mwezi mzima na ya IS200 ipo dukani mbele yake.

Nilinunua boneti ya faiba yenye matundu mawili ya kutolea joto, na bampa ya mbele ya plastiki yenye midomo mikubwa. Vyote vilitoka Dar kwa basi. Bampa ilisukumwa kwenye buti ya basi ikalazwa chini ya mizigo ya watu usiku kucha. Nilipoipokea stendi asubuhi ilikuwa imejikunja upande mmoja kama upinde, na mimi kwa furaha yangu sikuliona hilo. Nikapeleka vyote moja kwa moja kwa mpiga rangi. Hapo ndipo nilipoanza kupotea: nilipiga rangi kitu ambacho hakijawahi kugusa gari.

Baada ya rangi nikaenda gereji moja kule mtaa wa Unga Ltd. Tukafunga. Upande wa kulia kidole changu cha shahada kilipita kati ya boneti na fenda. Upande wa kushoto boneti ilikuwa inasugua fenda, rangi mpya ikaanza kutoka siku ileile. Fundi akasema boneti imetengenezwa vibaya, tuipunguze pembeni. Nikakubali. Tukakata milimita nne upande wa kushoto. Ikaacha kusugua, lakini pua ya boneti ikawa bado imeelekea kushoto, na ukisimama mbele ya gari unaona kabisa kwamba uso umepinda. Nikaishi nayo hivyo miezi minane.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi bodi, yupo upande wa Sakina. Nilimpelekea gari kwa shughuli nyingine, mlango wa nyuma ulikuwa umekwaruzwa. Nikamwamkia, akaitikia, akazunguka gari lote kimya, halafu akaniuliza, "Kijana wangu, hili gari liligongwa lini?" Nikamwambia halijagongwa, nimelinunua hivi kwa mtu. Akafungua boneti, akachukua futi, akapima kutoka bolti ya juu ya shokapu ya kushoto kwenda kwenye tundu la bolti upande wa kulia wa fremu inayobeba rejeta. Kisha akapima msalaba wa pili, kulia kwenda kushoto. Vipimo hivyo viwili vinatakiwa kulingana. Vyangu vilipishana milimita 9. Akanionyesha bolti za fenda ya kulia: vichwa vimekwaruzwa na spana, na nyuma ya fenda mtu alipanga washa (vile visahani vya bolti) tatu tatu ili kuficha pengo. Gari liligongwa mbele kabla sijalinunua, likanyooshwa kwa macho, likauzwa.

Wakuu, ile boneti niliyoikata ilikuwa nzima. Iliyopinda ni pua ya gari. Boneti ya chuma ya zamani ilikuwa imepindishwa kidogo kidogo na fundi wa kwanza ifuate pua iliyopinda. Faiba haipindishwi hivyo. Imetoka kwenye kalibu yake, yaani chombo kilichoipa umbo, na itakaa kama kalibu ilivyo, kwa hiyo ikikutana na gari lililopinda inakuambia ukweli.

Naendelea na jinsi tulivyolifunga upya. Naomba mnipe muda niandike.

Mdau wa Majengo, Moshi

Mkuu, umenigusa. Mimi nina Subaru Impreza ya bodi ya GD, nimeweka boneti yenye pua ya kuingizia hewa, na kulia mwanya ni mkubwa kuliko kushoto. Nimeshabadilisha bawaba mara mbili. Hiyo ya kupima msalaba sijawahi kuisikia kwa fundi yeyote hapa Moshi. Unapima ukiwa umetoa fenda au zikiwa zimefungwa? Na mwanya wenyewe unatakiwa uwe kiasi gani?

Mwenye uzi

Kaka wa Moshi, pima fenda zikiwa zimefungwa, inatosha. Muhimu ni uchague alama ambazo zipo pande zote mbili na hazihamishiki: bolti ya shokapu juu, tundu la kiwandani kwenye fremu ya rejeta. Usipime kutoka kwenye ukingo wa fenda maana fenda yenyewe inahamishika. Na gari liwe limesimama kwa matairi yake manne mahali tambarare. Ukilipima likiwa juu ya jeki kona moja, bodi inajinyonga kidogo na utapata namba za uongo. Hata kufunga boneti, usifunge likiwa kwenye jeki.

Kabla sijasahau, kwa wenye GD: hakikisha kwanza boneti uliyonunua ni ya uso wa gari lako. GD ina nyuso tatu, ile ya taa za mviringo ya mwanzo, ya katikati, na ya mwisho yenye taa zilizochongoka. Boneti, taa na fenda zake hazibadilishani hivihivi. Nimeona mtu anahangaika na bawaba kumbe ameuziwa boneti ya uso mwingine.

Kuhusu mwanya, boneti za kiwandani kwa magari yetu haya huwa karibu milimita 4. Kwa faiba mimi naridhika na 5 mradi uwe sawa kuanzia kwenye kioo mpaka kwenye taa. Jicho la mtu halijui kama mwanya ni 4 au 5, lakini linajua haraka sana kama unaanza na 3 unaishia na 7. Mzee alinifundisha kupima kwa kadi za benki zilizokwisha muda. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76. Ukizipanga tano na kuzifunga kwa selotepu una 3.8, ukipanga saba una 5.3. Unapitisha kifurushi hicho kwenye mwanya kutoka nyuma kwenda mbele, na mkono unakuambia kinapobana na kinapolegea. Kadi haikwaruzi rangi, ndiyo maana nimeipenda kuliko rula ya chuma.

Sasa kazi yenyewe. Pua ya gari ilivutwa kwanza, kwa mnyororo na jeki, polepole, kila wakivuta wanapima, mpaka misalaba ikapishana milimita 1 tu. Tukatoa zile washa za uongo nyuma ya fenda. Halafu mzee akasema neno ambalo ndilo hasa nataka likae vichwani: anza na kisichohamishika, uje mbele. Mlango haujaguswa, kwa hiyo fenda inapangwa kwa kufuata mlango. Fenda zikikaa, boneti inapangwa kwa kufuata fenda. Taa zinafuata boneti na fenda. Bampa ya mwisho kabisa. Wengi wetu tunaanza na bampa kwa sababu ndiyo inayopendeza, kisha tunailazimisha boneti iifuate, halafu fenda ivutwe iifuate boneti, mwisho mlango unagonga fenda ukiufungua.

Boneti kwanza tuliitoa watu wawili, kila mmoja upande wake, na gazeti nene kwenye pembe za nyuma. Pembe za nyuma ndizo zinazochimba fenda na kupasua kioo. Kabla ya kulegeza bolti chora mstari kwa kalamu kuzunguka bawaba, ili ukipotea uwe na mahali pa kurudi. Bolti za bawaba kwenye boneti za Toyota nyingi ni spana namba 12. Na hapa kuna siri iliyonisumbua sana: Toyota nyingi kiwandani hufungwa bolti zenye shingo pana inayojaza tundu lote. Ukiilegeza boneti haisogei hata nusu milimita, unadhani bawaba imekwama. Haijakwama, ni bolti. Ibadilishe uweke ya kawaida ya ukubwa huohuo yenye washa, hapo utaona boneti inateleza mbele, nyuma na pembeni. Loki nayo mara nyingi ina bolti za namna hiyo.

Halafu, tafadhali sana, toa loki kabisa kabla ya kushusha boneti mpya mara ya kwanza. Mimi sikuitoa kule Unga Ltd. Boneti ilishuka ikiwa upande, ikajifunga, ikakataa kufunguka. Tulilala chini ya gari saa nzima na bisibisi ndefu tukitafuta waya wa loki kupitia chini ya rejeta. Bila loki unaishusha polepole kwa mkono, mtu mmoja anaangalia pembe za nyuma, mwingine pua, na ikigusa popote unaiinua.

Mpangilio wetu ulikuwa huu: kwanza mwanya wa nyuma kuelekea kioo, kisha pembeni, kisha kimo cha nyuma kwa bolti za bawaba upande wa bodi, tukaongeza washa moja kushoto. Kimo cha mbele hakipangwi kwa bawaba. Kinapangwa na zile raba mbili zinazozungushwa, zilizopo pembe za mbele. Zizungushe mpaka boneti iwe usawa mmoja na fenda ukipitisha kiganja. Baada ya hapo ndipo loki inarudi, ikiwa imelegezwa, unashusha boneti ijitafutie katikati yenyewe, unainua, unakaza. Loki haitakiwi kuivuta boneti upande wowote. Kama ukifunga unaona pua inaruka kulia au kushoto sentimita ya mwisho, loki ndiyo inayoivuta, na kwa faiba hapo ndipo panapoanza ufa.

Fundi rangi, Sakina

Salaam kwa wote. Mimi napiga rangi na nimesoma kwa makini. Naongeza upande wangu kwa sababu lawama nyingi za "rangi imebambuka" zinakuja kwangu.

Boneti mpya ya faiba ina nta juu yake, ile inayopakwa kwenye kalibu ili kipande kitoke. Ukipiga praima juu ya nta, rangi itakaa mwezi mmoja kisha inatoka kama ngozi ya nyoka. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, kausha, futa kwa kitambaa chenye dawa ya kuondoa nta na mafuta, ndipo upige msasa wa 320. Usianze na msasa, utaikandamiza nta iingie ndani ya mikwaruzo.

La pili. Nusa kipande upande wa ndani. Kama kinatoa harufu kali ya resini, bado kinaendelea kukauka na bado kinaweza kujikunja. Usikiegemeze ukutani wiki mbili, kitashika umbo la ukuta. Kifunge kwenye gari kikiwa kimepangwa vizuri, ukitembeze juani hivyohivyo bila rangi. Kikauke kikiwa kwenye umbo la gari. Watu wanaona aibu kutembea na boneti ya rangi ya kijivu, lakini hiyo wiki mbili au tatu ni bora kuliko kurudia rangi.

La tatu ni la Arusha yetu. Mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, hasa asubuhi. Resini na bodi fila (ile lipu ya kusawazisha bodi) zinachelewa kuganda, na fundi mwenye haraka anaongeza hadina, yaani dawa ya kugandisha. Hadina ikizidi kwenye bodi fila, baada ya muda doa linapenya na kutokea juu ya rangi, hasa rangi nyeupe na ya fedha, na unapata vitundu vidogo vidogo. Ni bora kupasha chumba joto au kusubiri jua la saa sita. Mimi kipindi hicho nachanganya kidogo kidogo tu na nafanya kazi hizo mchana.

Na vaa barakoa na mikono mirefu ukisugua faiba. Lile vumbi ni vioo vidogo sana. Linawasha ngozi na kifuani halifai kabisa. Vijana wangu nawalazimisha, na msasa tunautumia na maji ili vumbi lisiruke.

Mwenye uzi

Shukrani fundi. Hilo la kutembea nayo bila rangi naliunga mkono kwa mikono miwili. Ningelijua mapema ningeokoa rangi mara mbili.

Sasa bampa. Yangu ilikuwa ya plastiki, na nyuma yake ina muhuri wa PP, ambayo ni aina ya plastiki kama ilivyo ABS. Geuza bampa yako uangalie. PP na ABS zinalainika kwa joto, unaweza kuzinyoosha. Faiba ikishaganda hailainiki tena kama plastiki, ukiichoma inaungua, kwa hiyo faiba iliyojikunja vibaya inakatwa na kuungwa upya kwa mati (mkeka wa faiba) na resini. Jua unachoshika kabla hujawasha moto. Na PP ina tabia moja nyingine, rangi haiipendi. Inahitaji praima yake ya plastiki kwanza.

Ile ya kwangu iliyokunjwa kwenye basi tuliinyoosha hivi. Tuliifunga katikati kwenye gari, tukaianika juani mpaka ikawa na joto kwa mkono, kisha tukapitisha hita ya kupulizia upande wa ndani, tukiisogeza muda wote isikae sehemu moja. Ilipolainika tuliisukuma kupita kidogo pale tulipotaka ikae, tukaishikilia, tukaweka kitambaa chenye maji baridi mpaka ikapoa. Ukiiachia ikiwa moto inarudi ilikotoka. Tulirudia mara tatu. Kwa asiye na hita, maji ya moto ya kumwagia kidogo kidogo yanafanya kazi ingawa polepole.

Kufunga: bolti za juu katikati kwanza, spana namba 10, zikiwa zimelegea. Kisha pembeni kwenye vishikio vya fenda. Vishikio hivyo ndivyo vinavyobeba mwanya kati ya bampa na fenda, na kwenye magari yaliyogongwa karibu vyote vimevunjika masikio. Mimi kile cha kulia kilikuwa kimeshonwa kwa waya. Nunua vipya au vilivyotumika vizima kabla hujahukumu bampa. Ukiona bampa inaning'inia pembeni na fundi anakuja na skrubu kutoboa fenda, mzuie.

Halafu kaza kutoka katikati kwenda pembeni, kwa zamu, kidogo kidogo. Kama bampa yako ni ya faiba, kila bolti iwe na washa pana na raba chini yake, na tundu liwe kubwa kidogo kuliko bolti ili kipande kipumue kikipata joto. Ufa wa faiba karibu siku zote unaanzia kwenye tundu la bolti lililokazwa kwa nguvu. Ukimaliza, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, mtu akae ndani na wengine wawili wakandamize gari mbele, uone kama tairi linagusa.

Mdau wa Njiro

Kaka hongera kwa uzi. Mimi ni dada mwenye Mark X, nimeweka bampa ya kuagiza mwaka jana. Nina mambo mawili. Fundi wangu alinishauri atoe ule mhimili wa chuma ulio nyuma ya bampa kwa sababu bampa mpya haikuingia vizuri. Alitaka kuukata kabisa. Nilikataa ila sina uhakika kama nilikuwa sahihi. La pili, bampa mpya haina mahali pa kibao cha namba, nikawa naweka namba kwenye dashibodi, nimesimamishwa na trafiki mara nyingi mpaka nimechoka.

Mwenye uzi

Dada, ulikuwa sahihi kabisa na naomba kila anayesoma hapa asimame kwenye msimamo wako. Bampa tunayoiona ni ganda. Kinachopokea ajali ni ule mhimili na sponji ngumu iliyo mbele yake. Mhimili unagawa nguvu kwenye chesisi pande zote mbili. Ukiutoa, pigo dogo kwenye foleni linaingia moja kwa moja kwenye rejeta na kwenye fremu, na utapata msalaba uliopishana kama wangu. Pia maeneo hayo ya mbele ndiyo magari mengi yamefungwa vihisi vya eabegi. Usivitoboe, usivihamishe, na usiviache vikining'inia. Kama bampa haiingii juu ya mhimili, kinachopunguzwa ni sponji, kidogo, kwa kisu, pale tu inapogusa. Kama hata hapo haiingii, bampa hiyo si ya gari lako.

Namba: tengeneza kibao kidogo cha bati au plastiki, kifungwe kwenye mhimili kwa bolti mbili kupitia mdomo wa bampa. Hakitoboi bampa na hakizibi hewa yote ya rejeta. Namba inatakiwa ionekane mbele na nyuma, trafiki yupo kwenye haki yake. Na kwa wenye boneti nyeusi juu ya gari la rangi nyingine, angalieni kadi ya gari inasema rangi gani. Ukibadilisha rangi ya gari, nenda TRA wakabadilishe kwenye kadi, na mwambie wa bima pia.

Mdau wa Kijenge

Mkuu, vipi kuhusu pini za boneti? Wengine wanasema ni urembo tu. Na yale matundu ya boneti yanasaidia kweli au mvua inaingia bure?

Mwenye uzi

Pini si urembo kwa boneti nyepesi. Boneti ya chuma ina uzito na mbavu ndani. Ya faiba ni nyepesi, na loki ya kiwandani inaishika sehemu moja tu katikati. Barabara ya Moshi mnaijua: unapishana na basi, upepo wake unaingia chini ya boneti, pembe za mbele zinainuka na kutikisika. Nililiona hilo kwa macho yangu Kikatiti na nikapunguza mwendo mpaka nyumbani. Pini mbili pembe za mbele zinagawa ile nguvu. Ila pini zisiondoe loki, na ile ndoano ya pili ya usalama ibaki inafanya kazi. Boneti ikifunguka ukiwa kwenye mwendo inakupiga kwenye kioo na huoni mbele.

Kutoboa kwake kunahitaji utulivu. Funga vijiti vya pini kwenye fremu ya rejeta kwanza. Pakaza grisi kidogo kwenye ncha ya kila kijiti, shusha boneti taratibu mpaka iguse, inua: alama ya grisi chini ya boneti ndiyo mahali pako. Toboa kwa drili ndogo kutoka chini, kisha weka selotepu ya karatasi juu na upanue kutoka juu ili ukingo usimeguke. Kama boneti yako inainuliwa na shokapu za gesi za boneti nzito ya kiwandani, ziondoe, tumia fimbo. Zile zinaisukuma faiba muda wote ikiwa imefungwa, na baada ya muda pembe za nyuma zinapinda.

Matundu yanategemea yalipo. Hewa inayopita juu ya gari linapokimbia ina mgandamizo mdogo sehemu ya mbele ya boneti, na mgandamizo mkubwa chini ya kioo. Kwa hiyo matundu yaliyo mbele, karibu na nyuma ya rejeta, yanavuta joto nje. Yaliyo nyuma karibu na kioo yanaweza kuingiza hewa badala ya kuitoa. Hili linawahusu pia wanaoinua boneti nyuma kwa washa wakidhani injini inapoa. Hewa inaingia, na ukiondoa ile raba ya nyuma, harufu ya injini inaingia ndani ya gari kupitia matundu ya hewa ya kioo. Mvua ya masika inaingia ndiyo. Mimi nimeweka bakuli la bati chini ya matundu, lina mdomo wa kumwaga maji pembeni, mbali na koili na plagi. Nikiegesha usiku nafunika.

Baada ya kufunga vyote nilitoka asubuhi mapema na rafiki yangu kwenda upande wa Usa River. Kwanza 40, tukasimama, tukapitisha kadi. Kisha 60, tukasimama Maji ya Chai, tukapitisha kadi tena. Mwisho 80. Yeye alikuwa ananasa pembe za boneti kwa simu. Haikutikisika. Kwenye matuta ya Tengeru mdomo wa bampa uligusa mara moja tukirudi, nikajua nimeuweka chini mno, nikaupandisha sentimita mbili na sasa napita kwa kukata tuta upande. Tulipofika nyumbani bolti mbili za bawaba zilikuwa zimelegea robo mzunguko.

Mdau wa Majengo, Moshi

Wakuu, nimerudi. Leo Jumapili nimepima msalaba wa Impreza mara tatu. Zinapishana milimita 2 tu, kwa hiyo pua yangu haijapinda sana. Nikaenda kwenye fenda. Ya kulia ilikuwa imesogezwa nje, mwanya wa mlango ni kadi nane, wa kushoto kadi tano. Kumbe nilikuwa nahangaika na bawaba bure. Nimelegeza fenda, nimeirudisha ifuate mlango, na boneti bila kuigusa imekuwa kadi sita kulia, sita na nusu kushoto. Mke wangu ametoka nje akaniuliza nimenunua boneti nyingine.

Mwenye uzi

Kaka, umenifurahisha sana leo. Usiikaze moja kwa moja bado. Tembea nayo wiki nzima, pita kwenye barabara ya vumbi, kisha pitisha kadi tena asubuhi gari likiwa limepoa na mchana likiwa limeiva kwa jua. Kama zinapita sawa nyakati zote mbili, kaza, piga mstari wa kalamu juu ya kila bolti ili uone ikijizungusha, ndipo umpelekee fundi rangi. Tuwekee picha ya mwanya wa kulia.